Mama Asife, Mtoto Asife

Kenema, 9 Januari

Dada yangu Baindu,

Kaa kitako kwanza, usije ukaangukia sufuria. Tangu Kenema iitwe Kenema hajazaliwa mwanamume aliyetandika watu watano kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ameshika kipaza sauti na anaimba. Nimefanya hivyo Jumamosi, sokoni, juu ya gari la kampeni, na sikupoteza hata ubeti. Watu husema nchi hii ni milima ya simba. Basi simba mwenyewe amepatikana, anakusalimu.

Huku siitwi tena Bockarie aliyerudia darasa la sita mara mbili. Naitwa Kinywa. Aliyenipa jina ni Mheshimiwa Sheku Gbondo, mgombea ubunge wa chama cha Jembe. Mimi ndiye ninayewachemsha watu kabla yeye hajafungua mdomo. Chini ya gari wanatembea vijana wetu ishirini na mkubwa wao ni Wembe. Usiulize kwa nini anaitwa Wembe, tazama tu mashavu ya maadui zake.

Hiyo Jumamosi vijana wa chama cha Taa walitujia na mawe na minyororo ya pikipiki. Mmoja alinidaka mguu anivute chini. Nikamshushia kipaza sauti kwenye taya, likapasuka kama ganda la karanga. Taya, si kipaza sauti. Na kwa kuwa kilikuwa kimewashwa, soko zima lilisikia ule mlio. Wembe alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikiliza neno la maana. Mheshimiwa ameapa kwamba akiingia bungeni ataifuta ile sheria ya Waingereza, ya kabla babu wa babu yetu hajaota meno, inayomfunga mwanamke aliyetoa mimba pamoja na nesi aliyemshika mkono. Amechapisha vitambaa vya zambarau vimeandikwa MAMA ASIFE. Mama wauza samaki wamevigombania mpaka wameng'oana nywele. Juzi aliniita pembeni.

"Kinywa, dada yako si nesi?"

"Nesi mkuu, baba." (Nimekupandisha cheo. Usinishukuru.)

"Niletee kisa cha kweli kutoka kwake. Watu hawalilii sheria, wanalilia mtu."

Basi, dada, nipe mtu wa kuliliwa. Huko kwenu simu haishiki, kwa hiyo mpe barua Amadu dereva, naye atanifikishia.

Wako, simba,
Bockarie

---

Gbalahun, 14 Januari

Bockarie,

Barua yako imefika inanuka samaki, maana Amadu huziweka chini ya kiti. Hao watu watano nawajua bila kuwaona: watatu walikuwa wanakimbia, wa nne alikuwa amelewa na wa tano ni nguzo ya umeme. Ila lile taya limeniuma. Mwenye taya ana dada, naye sasa anamsagia mtu mzima uji.

Nesi mkuu wa wapi? Nina vyumba viwili, kitanda kimoja cha kuzalishia, na mlinzi mzee, Pa Lahai, anayesinzia kuliko wagonjwa. Lakini kisa ninacho, kimelala chumba cha pili ninapoandika.

Anaitwa Yeniva. Ana miaka kumi na tano. Mwalimu wake wa hesabu alimpa mimba, kisha akamnywesha dawa za mizizi alizozipata anakojua yeye. Shangazi yake alimleta nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Damu ilikuwa imejaa viatu vya dereva. Godoro nimelichoma moto. Sikutoa mimba mimi, Bockarie. Niliikuta imekwisha kutoka, nikamwokoa aliyebaki. Lakini sheria ile haitazami, kwake mikono yote yenye damu ni mamoja.

Ndugu zake mwalimu, wawili wale wakata miti, wamesema akilitaja jina la kaka yao watamnyamazisha. Kwa hiyo harudi kwao. Atakaa kwangu mpaka apate nguvu, kisha nitampeleka kwa rafiki yangu Freetown, asome. Jana aliniomba majani ya muhogo yenye pilipili nyingi. Nimelia jikoni, nikasingizia pilipili.

Mweleze mheshimiwa wako kisa, kama kweli sheria itabadilika. Lakini usitaje jina, wala kijiji, wala mimi. Kaa nalo hilo kichwani, hata kama kichwani mwako mna kelele.

Dada yako,
Baindu

---

Kenema, 25 Januari

Dada Baindu,

Laiti ungekuwepo! Nilisimama juu ya gari nikakisimulia kile kisa mwenyewe, kwa sababu mheshimiwa alisema kinywa changu kina asali kuliko chake. Nilipofika kwenye viatu vya dereva, akina mama wakajishika vichwa. Mama mmoja alilala chini kabisa, akagaragara na kitambaa chake kipya. Mheshimiwa alitoa leso akajifuta macho, na safari hii nadhani kulikuwa na machozi.

Kulikuwa na jambo dogo. Kijana mmoja wa Taa alipiga kelele katikati ya watu: "Mwongo! Kijiji gani hicho?" Sasa wewe niambie, dada. Ninyamaze niitwe mwongo mbele ya watu elfu tatu? Nikasema, "Gbalahun, mjinga wewe! Kamuulize dada yangu nesi!" Neno moja tu. Jina la binti sikulitaja hata kwa bahati mbaya. Yule kijana hakupata nafasi ya kuuliza la pili, vijana wa Wembe walimpokea. Walimpiga kwa miguu ya meza mpaka akatema meno mawili, na Wembe akayaokota akamrudishia mkononi: "Chukua, mali yako." Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Usiku nilikosa hamu ya wali.

Mheshimiwa anakutumia kokwa nne nyeupe za kola, za kutafuna, nimezifunga ndani ya gazeti. Kola ya mtu ukiipokea mnakuwa mmeshikana mikono, unajua.

Nasahau: jana mashehe na wachungaji, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata siku ya kupumzika, walikuja kwa mheshimiwa wote kwa pamoja. Walikaa ndani muda wa saa tatu. Walitoka wanatafuna kola, na mheshimiwa alipita mbele yetu bila kututazama.

Bockarie

---

Gbalahun, 6 Februari

Bockarie,

Kola zake nimemtupia mbuzi, naye amezikataa.

Nimemsikia Gbondo kwenye redio kwa masikio yangu haya. "Kuna wachawi wanaojiita manesi. Kuna nyumba vijijini zinazochinja watoto kabla hawajalia. Mkinichagua, nitazifunga." Sauti ni ile ile. Na nyuma yake nilikusikia wewe ukiitikia, "Mtoto asife!" Usinikatalie, hiyo sauti nimeilea mimi.

Sasa nikueleze neno lako moja limefanya nini. Jumanne asubuhi zilikuja pikipiki sita. Watu tisa, vitambaa vya zambarau vimefungwa usoni, na pamoja nao wale ndugu wawili wa mwalimu, ambao hawakujali hata kujifunika. Walisema, "Toa binti." Pa Lahai alisimama mlangoni na fimbo yake. Walimvunja mkono kwa chuma cha jeki, hapa juu ya kiwiko, nikausikia ukivunjika. Kisha wakauvunja tena mahali pengine kwa kuwa hakupiga kelele mara ya kwanza. Walipasua kitanda cha kuzalishia kwa shoka. Walimwaga dawa wakazikanyaga. Mmoja alinibana ukutani akanipiga kofi hadi sikio hili halisikii vizuri tena, akaniambia, "Mchawi, shukuru dada yake Kinywa ni wewe."

Yeniva alikuwa ndani ya pipa la maji, tupu, nimemfunika na ungo. Alikaa humo akisikia yote. Alipotoka hakuwa na sauti, akawa ananishika tu kidole hiki kimoja, kama mtoto mchanga.

Siku mbili baadaye alikuja pia Madam Fatorma wa chama cha Taa. Huyu si ndiye aliyesema mwaka jana kwamba wasichana wa aina hii wachapwe viboko sokoni? Sasa alileta katoni ya sabuni. "Dada nesi, mimi ndiye mtetezi wa wanawake. Nipe binti nimsimamishe jukwaani, watu wamwone." Nikamwambia, "Madam, mwaka jana ulitaka achapwe." Akasema, "Mwaka jana haukuwa na uchaguzi." Hata hakuona aibu. Nilimrudishia sabuni yake.

Nimemhamisha binti. Mahali sikuambii.

Baindu

---

Kenema, 11 Februari

Dada,

Naomba usome hii ukiwa umekaa na hasira ziko nje.

Pa Lahai nimemlilia. Na aliyekupiga kofi nimeshamjua, nimemwambia nitamla ini. Ila usinitukane kabla ya kunisikia. Nilimfuata mheshimiwa mpaka garini, mimi huyu, Wembe ananivuta shati.

Nikasema, "Baba, si tulisema mama asife?"

Akanishika shavu kama mwanawe. "Kinywa, mama hapigi kura peke yake. Ana mume. Mume ana shehe wake. Tukishaingia bungeni tutatazama upya."

"Na yule binti?"

"Binti gani?" akasema, akapandisha kioo.

Vitambaa navyo vimerudishwa kwa mchapaji. Amefuta MAMA kwa rangi nyeusi, juu yake ameweka MTOTO. ASIFE imebaki vile vile. Mheshimiwa ni mtu wa kubana matumizi. Wale mama wauza samaki wamevivaa tena, wengine wamevigeuza ndani nje.

Siasa huku imekuwa ya damu kweli. Jumapili Taa walichoma gari letu moja. Sisi tukawafuata mpaka kwenye gereji yao na mapanga. Wembe alimkata mtu sikio, akalifunga kwenye kioo cha pikipiki yake kwa uzi, mpaka leo liko pale, limekauka kama kipande cha samaki. Mimi nimechanwa mkono, nyuzi kumi na moja, sikutoa hata "a". (Nilitoa "a". Ila kwa sauti ndogo.) Kuna mtoto wa Taa, mdogo kuliko mimi, aliyeangukia ndani ya gereji tulipokwisha kuitia moto. Nilimsikia. Sitaki kuandika alivyolia.

Nikiondoka sasa watasema nimenunuliwa na Taa, na hapa mtu aliyenunuliwa hafiki stendi. Kwa hiyo nabaki, lakini kwa akili. Mheshimiwa anaogopa Taa wasije wakamsimamisha binti jukwaani, ndiyo maana anatafutwa. Niambie yuko wapi. Mimi ndiye ninayejua njia za huko, wao wananitegemea. Nikijua yuko mashariki nitawapeleka magharibi. Naapa kwa kaburi la mama. Hilo nisingelichezea, unajua.

Bockarie

---

Gbalahun, 15 Februari

Mdogo wangu,

Umeapa kwa mama, basi nakuamini, na Mungu anione kama nimekosea.

Yuko kwenye ua wa Sande, kule wanawake wanakowatia wasichana unyagoni. Kwa Maama Kema.

Najua unacheka. Miaka saba nimegombana na yule kungwi juu ya kisu chake cha kukeketea. Nimemwita mzee wa giza, naye ameniita nesi wa karatasi. Lakini nilipomfikisha Yeniva mbele ya uzio, Maama Kema alimtazama miguuni mpaka kichwani akasema, "Huyu nilimcheza unyago mwenyewe. Ni wangu. Apite." Kisha akanitazama mimi: "Na wewe ingia, usisimame hapo kama mwanamume." Nilitaka kumkumbatia, akaniambia niache ujinga.

Uzio ni wa makuti makavu tu, mbuzi anaweza kuuangusha. Lakini hakuna mwanamume atakayeuvuka. Hata Wembe wako, asiyeogopa risasi, anaogopa busha. Wote wamelelewa wakiambiwa mwanamume akitia mguu ndani ya ua wa Sande, korodani zitavimba mpaka azibebe kwa toroli. Sijawahi kuipenda hadithi hiyo kama mwaka huu.

Kijijini watu wanajua yumo, maana chakula kinaingia. Haidhuru. Kujua si kuvuka. Uchaguzi ni tarehe saba Machi. Tukifika tarehe nane, hakuna atakayemtaka tena, watakuwa wameshapata wanachotafuta, na mimi nitampakia kwa Amadu asubuhi hiyo hiyo.

Amerudisha sauti. Anamfundisha Maama Kema kuhesabu kwa kuzidisha. Mzee anakataa kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, anasema ni nyingi mno.

Wapeleke magharibi, Bockarie. Choma barua hii.

Dada yako anayekupenda,
Baindu

---

Bo, 27 Februari

Dada Baindu,

Niko Bo, nimejificha kwa fundi viatu mmoja. Nimesikia kwamba ua umeungua. Nataka ujue mimi nilifanya nini siku ile, kabla watu hawajakuletea uongo.

Nilisimama njiani, pale daraja la magogo, peke yangu, mbele ya pikipiki kumi na mbili. Nikasema, "Atakayepita apite juu ya Kinywa!" Nilimng'oa Wembe jino kwa gongo la mti. Wawili niliwatupa mtoni. Watu thelathini, dada, na walinishinda kwa wingi tu, si kwa ushujaa. Walinifunga kwenye mti, ndipo wakapita. Nina alama za kamba.

Fundi viatu anasema nimetoka mkononi mwa malaika. Mimi nasema malaika ndiye aliyetoka mkononi mwangu.

Nijibu neno moja tu. Yeniva mzima?

Bockarie

---

Kituo cha polisi, 4 Machi

Bockarie,

Karatasi hii nimepewa na askari wa kike niliyemzalisha mwaka juzi. Nina upande mmoja wa karatasi na mkono wa kushoto, wa kulia una vidole viwili vilivyovunjika. Nitaandika yaliyokuwa.

Walikuja Jumatatu ya tarehe ishirini, saa nane mchana, jua kali, upepo wa vumbi unavuma. Hawakuvuka. Ulijua hilo? Walisimama hatua tatu nje ya uzio, kwa adabu kabisa, wakarusha chupa za petroli juu yake. Hakuna mguu wa mwanamume ulioingia ndani ya ua wa Sande. Mila haikuvunjwa. Makuti yaliwaka kama nywele.

Tulikuwa wanawake kumi na wasichana wadogo sita. Mmoja wa wadogo aliungua mgongo wote, alikufa Ijumaa. Maama Kema alitoka kwa lango la mbele, akavua nguo zote, akawaendea uchi vile alivyo, na miaka yake sabini, akiwalaani kwa majina ya mama zao. Walifumba macho. Walirudi nyuma wakigongana. Wawili walitupa mapanga wakakimbia. Nilidhani tumeshinda. Kisha Wembe, akiwa amejifunga kitambaa machoni ili asione, akarusha gongo kufuata sauti, likampata kichwani, na wengine wakafumba macho vile vile wakawa wanapiga. Walimpiga bila kumtazama. Yu hai, lakini hajui tena jina langu.

Nilipoona wote wako mbele, nilimshika Yeniva nikamtoa kwa nyuma. Kuna tundu kwenye uzio na njia nyembamba ndani ya matete, inashuka kijitoni. Wanawake ndio wanaoipita wakienda kuoga. Nilimsukuma mgongoni kwa mikono yangu. Nikamwambia, "Kimbia, huko hakuna mwanamume anayekujua."

Walikuwa wanne, wamekaa kwenye mawe ya kufulia, wanangoja. Wawili ndio wale ndugu wa mwalimu. Nilisikia akiita jina langu mara mbili. Si mara nyingi, mara mbili. Nilipofika alikuwa ndani ya maji, uso chini, nayo yanapita juu ya nywele zake. Walikuwa wametumia mchi. Ndipo wakaja kwenye vidole vyangu.

Wamemzika bila mimi na bila baba yake, alikataa kuja.

Polisi walifika jioni wakanikamata mimi. Kosa: kutoa mimba ya Yeniva. Ndugu wa mwalimu ni mashahidi. Gbondo amesema redioni kwamba ametimiza ahadi. Madam Fatorma amesema yeye alinionya.

Na alama zako za kamba zisikusumbue. Daraja la magogo lilisombwa na maji tangu Septemba, pikipiki hupita kivukoni. Umesahau kwenu.

Nina swali moja. Nimekaa humu siku kumi na mbili nikiwaza ni nani aliyewaambia njia ile. Mwanamume haijui. Akisogelea matete yale anarushiwa mawe na mama yake mwenyewe. Nimewapitia wote kijijini, mmoja mmoja. Nimempata mmoja tu aliyewahi kupita pale. Alikuwa na miaka mitatu, alikuwa mgongoni kwangu, kwa sababu mama alikuwa amekufa na kila nilipomwacha alilia mpaka akazimia. Wanawake walinigombeza. Nikawaambia, huyu ni mtoto tu, atakumbuka nini.

Niandikie kwamba sivyo. Niandikie hata uongo, wewe ni hodari.

Baindu

---

Bo, 10 Machi

Dada Baindu,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu nilikuwa simba ndani yake, nikazichana.

Mheshimiwa ameshinda. Nimeona picha yake, amevaa suti ya kijivu, hakuna zambarau hata ya leso. Mwandishi alimuuliza kuhusu ile sheria. Alisema ni suala nyeti, linahitaji utafiti. Wembe amepewa kazi ya kulinda mlango wake.

Nimekwenda polisi hapa Bo, jana. Niliwaambia nataka kutoa ushahidi kwamba hukutoa mimba ya mtu, na kwamba nawajua waliokuwa kijitoni kwa majina. Inspekta aliandika mistari miwili, akauliza, "Wewe uliwajuaje?" Nikamwambia nilikuwepo. Akaweka kalamu chini. Akasema nirudi Jumatano, na nisilale mahali pamoja siku mbili. Nitarudi Jumatano. Wakinifunga nawe, nitakuwa karibu.

Sasa lile la kwako.

Barua yako sikuionyesha mtu. Niliichoma, kiapo cha mama sikukivunja kwa hilo. Wale ndugu walijua yuko kwa Maama Kema, kama ulivyosema, kijiji kizima kilijua. Nami nilikwenda pamoja na vijana siku ile. Sikufungwa mtini. Alama za kamba nilijisugua mwenyewe kwa mkonge, nyumbani kwa fundi viatu.

Mchana ule tulisimama kwanza njia panda, kwa yule mama anayechoma nyama. Walikuwa wanabishana. Wembe alisema kuvuka havuki, ana mke mmoja na anataka watoto. Mmoja akasema tuchome uzio. Wembe akasema, "Tukichoma watatokea mbele wote, kumi na sita, watavua nguo, tutakimbia sisi. Haiwezekani. Mwambieni mheshimiwa haiwezekani." Alikuwa ameshapanda pikipiki. Alikuwa ameiwasha, dada. Pikipiki zote zilikuwa zimegeuza uso kuelekea Kenema.

Wakaanza kunitania, kama kawaida. "Kinywa, kijiji chenu kina wanawake wanaume na wanaume wanawake. Wewe mwenyewe hukijui, umekulia mgongoni." Wakacheka. Mimi nikacheka nao. Nyama ilikuwa mdomoni.

Nikasema, "Mimi nisikijue Gbalahun? Mimi najua hata mahali mama zenu wasipopajua." Nikawachorea chini vumbini kwa kijiti cha nyama: ua huu hapa, tundu hili, matete, mawe ya kufulia. Nikaweka na alama ya kijito, nikasema hapo maji yanafika kiunoni kwa mtu mzima. Wembe alizima pikipiki akashuka kutazama. Akanipiga bega akasema, "Kumbe una kichwa."

Hakuna aliyenishikia kisu. Hakuna aliyenipa leone hata moja. Hakuna hata aliyeniuliza. Walikuwa wanaondoka, nami nilikuwa najisifu tu.

Bockarie